Avumaye baharini papa: uzi wa waliomfuata chini na kamera

#1 Mzamia Kilindi

Wakuu, salaam.

Jana nilikuwa na wageni saba kwenye boti hapa Kilindoni, Mafia, tunatafuta potwe, yule papa mkubwa wa madoa. Sijamaliza hata kuwaeleza namna ya kushuka majini, mama mmoja akaniuliza: "Anang'ata?" Kazi hii nina miaka kumi na moja na sikumbuki wiki hata moja iliyowahi kupita bila swali hilo. Potwe anachuja vidudu vya baharini na mayai ya samaki. Mdomo ni mpana kama mlango wa duka, lakini huko ndani hana cha kukufanya. Basi tu kwa kuwa ukoo wake ni papa, hatia ya ukoo anaibeba yeye.

Mvua zikianza hatuna kazi, tunakaa ofisini kutazama filamu za zamani za chini ya maji. Kuna diski moja imejaa tele, mgeni alituachia. Nimezitazama nyingi mpaka nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona likisemwa humu: hofu ya papa na huruma kwa papa zimepikwa jiko moja. Waliotutia hofu na waliotutoa hofu ni watu wale wale, wengine kwa kamera ile ile.

Nitaweka vipande vipande kwa sababu naandika kwa simu. Mwenye haraka apite.

#2 Kipanga wa Nyika

Nimeweka kambi. Mie mtu wa Singida, papa namjua akiwa mkavu ndani ya gunia, na huyo hang'ati mtu. Shusha vitu mkuu.

#3 Mzamia Kilindi

Twende Bahama, 1914. Mmarekani mmoja, John Ernest Williamson, alikuwa na chombo alichokibuni baba yake: bomba refu linaloning'inia chini ya tishari, na mwisho wa bomba kuna chumba cha chuma chenye dirisha la kioo. Yeye anakaa humo, mkavu kabisa, anapiga sinema ya bahari. Dunia ilikuwa haijaona kitu kama kile. Angeweza kuwaonyesha watu matumbawe na samaki wa rangi wakaridhika, lakini alijua wanacholipia: mtu kupigana na papa. Akatundika mzoga wa farasi majini ili papa waje. Walipokuja akajitosa mwenyewe na kisu, akamchoma mmoja mbele ya kamera mpaka akafa.

Shikeni hilo la mzoga. Nitalirudia.

Miaka 25 baadaye akatokea kijana wa Vienna, Hans Hass, umri miaka 20. Mwaka 1939 alikwenda na wenzake wawili visiwa vya Curaçao na Bonaire kule Karibi. Mitungi ya hewa hawakuwa nayo. Walizamia kwa pumzi zao, mkuki mkononi na kamera ndani ya kasha la kuzuia maji. Papa wakaja, wakawatazama, wakaenda zao. Waligundua hata kwamba papa akikujia, ukipiga ukelele humo humo ndani ya maji, anageuka na kutoweka. Vita kuu ikazuka wakiwa huko, ikabidi Hass arudi kwao kwa kuzunguka dunia kupitia Marekani, Japani na Siberia. Mwaka 1947 akatoa filamu, Menschen unter Haien, yaani watu katikati ya papa. Baadaye akaingia Bahari ya Shamu, Port Sudan, na mkewe Lotte. Lotte alianza kama karani wake. Hass hakutaka mwanamke safarini, bibie akajifunza kuzamia na kupiga picha kimya kimya mpaka akakosekana wa kumkatalia. Huyo anastahili uzi wake peke yake.

Sasa Jacques Cousteau, Mfaransa mzamiaji na mpiga filamu. Mwaka 1943 yeye na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kile kifaa cha kukupa hewa ya mtungi kwa kadiri unavyovuta pumzi. Bila wao wawili mimi sina kazi leo, kwa hiyo nasema haya kwa heshima zote. Mwaka 1956 filamu yake, Le Monde du silence, ilichukua tuzo kuu ya Cannes, na mwaka uliofuata Oscar. Sehemu yake ilipigwa kisiwa cha Assumption, Shelisheli, karibu na Aldabra, ambako alikuwako chewa mkubwa aliyezoea kula mkononi mwao. Pazuri kweli.

Halafu inakuja ile sehemu nyingine. Meli yao, Calypso, iko Bahari ya Hindi, inamgonga mtoto wa nyangumi kwa pangaboi. Wanammaliza kwa bunduki. Damu inaita papa. Wanashuka ndani ya kizimba kuwapiga picha wakila, kisha mabaharia, kwa hasira, wanawanasa papa kwa ndoano, wanawavuta juu ya sitaha na kuwapiga kwa mashoka. Yote hayo yako kwenye filamu, na msimulizi anakueleza kuwa baharia na papa ni maadui wa tangu na tangu. Tena ndani ya filamu hiyo hiyo wanalipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki. Baruti, wakuu! Kitu ambacho pwani yetu imekilia miaka mingapi?

Mtoto wa nyangumi ni ule ule mzoga wa farasi, umeongezeka ukubwa tu.

#4 Mzee Jarife

Mwanangu, mimi nimevua papa kwa jarife, wavu wa matundu makubwa, tangu kijana, Bagamoyo mpaka Kilwa. Sijapata kumwona papa aliyekuja kunitafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtafuta yeye. Nyama tulikula na kukausha, mapezi tajiri alichukua, ini tulilichemsha tukapata sifa, yaani mafuta ya papa, ya kupaka chombo mbao zisiliwe. Hofu tuliyokuwa nayo ni ya kusi, si ya papa.

Ila swali. Hao wazungu, walimchukia kwa lipi hata wampige shoka na nyama yake wasile?

#5 Mzamia Kilindi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo uzi wenyewe.

Jibu langu: wao walimjua papa kwa habari za ajali. Mwaka 1916 watu wanne walikufa ndani ya siku kumi na mbili pwani ya New Jersey, magazeti yakawaka. Mwaka 1945 manowari ya Marekani, Indianapolis, ilizamishwa na mamia ya mabaharia wakaelea siku kadhaa baharini, papa wakawa miongoni mwao. Wenyewe jeshini walikuwa na vidonge vya kufukuzia papa, mchanganyiko wa chumvi ya shaba na rangi nyeusi, na katika waliohangaika na utafiti ule alikuwamo Julia Child, huyo huyo aliyekuja kuwa mpishi maarufu wa televisheni. Nimecheka siku nilipojua.

Wewe mzee ulimjua papa kwa mwaka mzima, siku ana bei na siku hana. Wao walimjua kwa siku moja tu, ile mbaya.

#6 Mzee Jarife

Marahaba. Endelea.

#7 Fundi Kamera

Mleta mada, mimi napiga video za harusi hapa Dar, chini ya maji sijafika zaidi ya bwawa la hoteli. Nataka kujua huyu papa mweupe mkubwa, nani alimpiga wa kwanza? Maana Hass na Cousteau mbona naona papa wadogo wadogo?

#8 Mzamia Kilindi

Hapo tunahamia Australia, na hapo ndipo penye utamu, nivumilieni.

Desemba 8, 1963, pwani ya Aldinga, Australia Kusini. Mashindano ya kuvua kwa bunduki ya mshale. Rodney Fox, miaka 23, bingwa anayetetea taji lake, yuko chini anamlenga samaki. Papa mweupe akamng'ata kifuani. Fox akamtia vidole machoni. Papa akaachia, mkono wa Fox ukaingia kinywani, akauchomoa umechanika. Alipodhani yamekwisha, papa akaimeza boya ya samaki iliyofungwa kwenye mkanda wake, ikamburura chini mpaka kamba ikakatika yenyewe. Mbavu zimevunjika, pafu limetoboka. Walimwacha ndani ya suti yake ya mpira mpaka hospitali kwa sababu ndiyo iliyokuwa imeushikilia mwili. Nyuzi alizoshonwa ni mamia. Kipande cha jino kimebaki mkononi mwake.

Mtu huyo alirudi majini. Nilitazama mahojiano yake nikiwa na nahodha wetu, nahodha akasema, "Huyu ana deni na bahari." Sijui.

Siku moja Fox yuko bustani ya wanyama, anawatazama simba kizimbani, likamjia wazo: baharini kizimba kigeuzwe, mtu awe ndani na mnyama nje. Mwaka 1965 wakatoka. Kwenye msafara ule alikuwamo Alf Dean, mvuvi wa ndoano ambaye 1959 alimtoa papa mweupe wa kilo 1,208 kule Ceduna. Walikuwamo pia Brian Rodger na Henri Bource, nao walishang'atwa. Bource alipoteza mguu. Watu watatu walioonja meno, boti moja! Mshika kamera alikuwa Ron Taylor. Hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa picha za kwanza za papa mweupe zilizopigwa akiwa majini kwao. Chambo ni damu na nyama, bila shaka.

Ron na mkewe Valerie ndio wenye uzi huu. Valerie aliugua polio utotoni, akaja kuwa bingwa wa wanawake wa kuvua kwa bunduki. Ron akawa bingwa wa dunia 1965 kule Tahiti. Walikuwa wauaji hodari. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Ron na Ben Cropp walipiga filamu ya kuwinda papa, ikauzwa televisheni za Australia na Marekani. Vijana wa zama hizo walifunga risasi kwenye ncha ya mkuki, wakamgusisha papa kichwani. Aliyekufa zaidi ni yule Waaustralia wanayemwita grey nurse: mpole, mzito, anakaa mapangoni mchana. Meno yamemtoka nje kama misumari, basi kwenye picha anaonekana jini, kumbe chakula chake ni samaki. Ukitaka ushujaa wa bei rahisi unamuua huyo.

Kisha wakachoka. Mwindaji anakaa majini kuliko mtu yeyote. Anaona. Mwaka huu pango lina papa kumi, mwaka ujao wawili, halafu hakuna. Wakatundika bunduki, wakabaki na kamera.

#9 Bint Mtambwe

Kaka, uzi mzuri ila unawasamehe haraka. Mtu ameua mpaka pango limekwisha, halafu "akachoka", sasa ni mtetezi. Wapemba tunasema nini hapo?

#10 Mzamia Kilindi

Dada Bint Mtambwe, sijawasamehe, wala sijaombwa msamaha. Nawasimulia. Subiri Durban.

Mwaka 1969 Peter Gimbel, Mmarekani wa ukoo wa maduka makubwa ya New York aliyeacha kazi ya fedha akafuata kupiga mbizi, alikodi meli ya kuvulia nyangumi pale Durban. Alikuwa na Stan Waterman, Ron na Valerie. Walitaka papa mweupe. Durban wakati ule kulikuwa na kampuni ya nyangumi. Nyangumi akishauawa anafungwa akisubiri kuvutwa, na papa wa bahari kuu wanakusanyika kwa makumi, wale wenye ncha nyeupe kwenye mapezi mapana. Msafara ukashusha vizimba vya alumini karibu na mzoga.

Wakafanya kile ambacho hakuna aliyekifanya. Wakafungua mlango wakatoka. Wanne, katikati ya papa walioko kwenye karamu. Papa wakawa wanawasukuma kwa pua, kuwajaribu. Unampiga papa puani kwa kamera, anaondoka, anakuja mwingine. Wakagundua kwamba kuna utaratibu. Kuna anayejaribu na kuna anayepita tu. Ukishasimama imara, umehesabiwa kuwa si chakula.

Mimi hapo huwa nasimamisha filamu. Nimezamia miaka yote hii, na mzoga wa nyangumi uwepo? Siendi ng'o.

Papa mweupe hawakumpata Durban. Walizunguka Bahari ya Hindi, wakafika Sri Lanka, wakamkuta mwishoni kabisa Australia Kusini, kwa msaada wa Fox yule yule. Filamu ikatoka 1971, Blue Water, White Death. Dada, kinachonikaa rohoni ni hiki: tukio lile la Durban haliwezi kupigwa tena. Uvuvi wa nyangumi Durban ulifungwa 1975, na papa wale wa ncha nyeupe leo wako kwenye orodha ya walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Walipigwa picha wakiwa wengi kama kunguru wa Unguja, na mtu hakujua kuwa anapiga picha ya kuaga.

#11 Mswahili wa Maskati

Asalaam alaykum. Mmenikumbusha bibi. Hapa Oman papa mkavu tunamwita uwali, anachambuliwa anachanganywa na kitunguu na ndimu, wali pembeni. Babu alikuwa anasema majahazi ya huku yalikuja Lamu na Unguja na papa mkavu, tende na chumvi, yakarudi na boriti. Kwetu papa hajawahi kuwa shetani. Amekuwa kitoweo.

#12 Kipanga wa Nyika

Sasa mmeanza mapishi na sijala.

#13 Fundi Kamera

Kabla hajafika mwenye uzi, ruhusuni niseme kuhusu Jaws, ile filamu ya papa mla watu, maana hiyo naijua kwa upande wa ufundi.

Mwongozaji wake, Steven Spielberg, alikuwa na papa wa mashine, anaharibika kila siku kwa maji ya chumvi. Akahitaji papa halisi pia. Nani waliitwa? Ron na Valerie Taylor! Mwanzoni mwa 1974 wakaenda Port Lincoln, Australia Kusini. Tatizo: papa wa hadithi ana mita saba na zaidi, papa waliokuja wana mita nne hivi. Ufumbuzi ni wa kijanja mno: wakatengeneza kizimba kidogo na kumtafuta mtu mfupi sana, Carl Rizzo, aliyewahi kuwa mpanda farasi wa mashindano. Ukimweka mfupi ndani ya kizimba kidogo, papa wa mita nne anajaa fremu nzima. Hiyo hata mimi harusini naifanya, keki ndogo naiweka karibu na lenzi.

Siku moja kizimba kiko majini kitupu, papa akanasa kwenye nyaya zake. Akafurukuta, akakipasua pasua, winchi ikang'oka. Ron chini anaendelea kupiga. Picha zilikuwa kali kiasi kwamba ilibidi hadithi ibadilishwe: yule mtaalamu wa papa ambaye kwenye kitabu anakufa, kwenye filamu anapona, kwa sababu wana picha ya kizimba kinachovunjwa bila mtu ndani. Yaani papa mmoja aliyenasa kwa bahati mbaya aliandika upya mswada wa Hollywood.

#14 Mzamia Kilindi

Fundi, umetisha. Na ongeza hili: unachokiona pale ni mnyama anayejinasua, anahangaika. Mtazamaji wa Chicago anaona mnyama anayeshambulia. Picha ni moja.

Filamu ikatoka Juni 1975. Watu wakaogopa mpaka bwawa la kuogelea. Pwani ya mashariki ya Marekani mashindano ya kuua papa yakashamiri, kila mwenye boti anataka kupiga picha na papa aliyening'inizwa. Ron na Valerie wakapelekwa Marekani na studio kuzungumza na watu, wakieleza kuwa ile ni hadithi ya kubuni. Mwandishi wa kitabu, Peter Benchley, naye alitumia miaka yake ya mwisho, mpaka anafariki 2006, kutetea bahari, na alikiri kuwa kwa anayoyajua sasa asingeweza kukiandika tena kitabu kile.

Mnaona ninachosema? Aliyempiga picha papa aliyenasa kwenye nyaya ndiye anayezunguka kuwaambia watu msiogope.

Valerie akaenda mbali zaidi. Ron aliwaza juu ya glovu za minyororo wanazovaa wachinjaji: kwa nini isiwe suti nzima? Ikashonwa, ikawa ndogo kwa Ron, ikamtosha mke. Pwani ya San Diego Valerie akaingia majini, akasokomeza vipande vya samaki chini ya minyororo mkononi, akampa papa bluu aung'ate. Papa anatafuna mkono, bibi anatazama. Picha zile zilienea dunia nzima mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ajabu yake, zilisaidia: watu waliona papa anavyotafuna, anakosa ladha, anaachia.

Lakini chambo bado kipo, sema kimefichwa kwenye mkono wa suti.

#15 Bint Mtambwe

Nimesubiri Durban, nimesubiri San Diego, sasa niseme langu.

Durban kuna nyavu za kunasa papa tangu 1952, zimewekwa ili watu waogelee kwa amani. Zinaua papa, zinaua kasa, zinaua pomboo. Kwa ajili ya kuogelea! Mjomba wangu akitega jarife Mkoani apate ada ya shule ya watoto, anakuja mtu na fulana ya picha ya papa anamwambia wewe ni mharibifu. Filamu walipiga wao, hofu walitengeneza wao, na mapezi hatuyali sisi. Kaka, hapo pako sawa?

#16 Mzamia Kilindi

Hapako sawa. Sitakudanganya.

Nikuwekee ninachokijua. Makadirio ya wanasayansi yaliyotoka 2013 ni kwamba binadamu anaua papa kama milioni 100 kwa mwaka. Utafiti mwingine wa 2021 ulipima papa na taa (wale samaki bapa) wa bahari kuu: tangu 1970 wamepungua kwa asilimia 71. Upande wa pili, watu wanaouawa na papa dunia nzima kwa mwaka mara nyingi hawazidi kumi. Mjomba wako hakufikisha milioni 100 na jarife lake. Meli za kigeni za mishipi mirefu ya ndoano maelfu ndizo zilizoibeba kazi hiyo, na soko la supu ya mapezi kule Asia.

Ila nitakukatalia sehemu moja, na najua Mzee Jarife atanisahihisha. Papa si dagaa. Papa mweupe jike anaweza kupitisha miaka ishirini na zaidi kabla ya kuzaa, na wengi wa ukoo huu wanazaa wachache, baada ya kubeba mimba muda mrefu. Jarife likitegwa karibu na mikoko linachukua watoto. Mvuvi mdogo hajaanzisha shida, lakini yeye ndiye atakayekosa kwanza, maana meli kubwa itahamia bahari nyingine.

Na sheria zilianzia huko huko kwa walioua. Yule grey nurse, New South Wales walimlinda 1984, ndiye papa wa kwanza duniani kupata ulinzi wa sheria, na Ron na Valerie walikuwa kwenye kelele hizo. Afrika Kusini wakamlinda papa mweupe 1991, nchi ya kwanza. Mwaka 2004 akaingia kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama. Nyavu za Durban bado zipo. Kwa hiyo ndiyo, dada: sheria mkono wa kulia, nyavu mkono wa kushoto.

#17 Mzee Jarife

Sikusahihishi. Zamani tulikuwa tukimtoa pingusi, papa wa kichwa cha nyundo, kichwa kinajaa mlango. Siku hizi wanaleta pingusi wa kushika mkono mmoja, na wanauza. Nilipoona hivyo niliacha kutega, si kwa sababu ya fulana ya mtu.

#18 Bint Mtambwe

Mzee, hilo nimelisikia. Ahsante.

#19 Kinda la Likoni

Jamani kwetu Mombasa huyo potwe mnayemsema ni papa shilingi. Wazee husimulia Mungu alipomuumba alimpenda mno, akawapa malaika shilingi wamrushie mgongoni, zikabaki zikimetameta. Kila anapokuja juu ya maji anatushukuru na sisi. Nyanya yangu hakuwa amemwona kwenye filamu hata siku moja.

#20 Mzamia Kilindi

Kinda, umenipa nilichokuwa nakitafuta tangu kipande cha kwanza.

Farasi wa Williamson, nyangumi wa Calypso, nyangumi wa Durban, damu ya Port Lincoln, samaki ndani ya suti ya Valerie. Karibu kila papa aliyetisha au kupendeza kwenye filamu hizi aliitwa kwa mzoga. Hata Eugenie Clark, mwanasayansi ninayemheshimu kuliko wote hawa, aliyewafundisha papa kule Florida mwishoni mwa miaka ya hamsini kubonyeza kibao kwa pua ili wapewe chakula, naye alitumia chakula. Alionyesha kuwa papa ana akili ya kujifunza, wakati watu walimwona kinywa kinachoelea. Ila bado ni papa aliyeitwa mezani. Ukimwita mtu yeyote mezani na njaa yake halafu ukampiga picha akila, usishangae anavyoonekana. Nendeni mkapige picha foleni ya pilau harusini.

#21 Fundi Kamera

Hiyo ya foleni ya pilau nimeipiga. Inatisha kuliko Jaws.

#22 Mzamia Kilindi

😂 Ndiyo maana nimekaa Mafia. Potwe wa Kilindoni hakuitwa na mtu. Anafuata vidudu na dagaa wadogo, wavuvi wa ringineti, nyavu za kuzungusha, wanafuata dagaa hao hao, sisi tunafuata wote. Asubuhi boti za dagaa zikiwa zimejipanga nje ya Kilindoni, potwe anapita katikati yake, mgongo una madoa kama alivyosema nyanya wa Kinda, na wavuvi wala hawageuki. Wageni wangu ndio wanaopiga kelele. Yule mama aliyeuliza kama anang'ata alikaa majini dakika arobaini, kumtoa ilikuwa kazi.

Kuna tatizo pia, nisifiche. Wapo wenye boti, wa huku na kwingineko, wanaomzunguka potwe mmoja boti sita kwa mara moja, injini zinanguruma, mgeni anashika pezi apate picha. Pangaboi linamchana. Tumeacha kumuua kwa ushujaa, tumeanza kumchosha kwa picha.

#23 Mzee Jarife

Mwanangu, huyo potwe mimi amenikata nyavu mara mbili. Sijawahi kumtazama akiwa chini. Siku zote nimemwona kutoka juu, mgongo tu.

#24 Mzamia Kilindi

Mzee, njoo Mafia. Nauli ya boti kutoka Nyamisati niachie mimi. Hutalipa kitu.

#25 Mzee Jarife

Kaskazi ikitulia nitakuja. Lakini majini sishuki, umri umekwenda.

#26 Mzamia Kilindi

Hushuki. Utalala kifudifudi ukingoni mwa boti, utatia uso tu majini. Miwani nimeshakuwekea.

#27 Kipanga wa Nyika

Na mie wa Singida je? Kuogelea sijui.

#28 Mzee Jarife

Wewe utanishika miguu nisitumbukie.